Godoro la Degu

Wapo wanaomwonea jirani wivu kwa sababu ya gari, wapo wanaomwonea wivu mume wa mtu, na wapo hata wanaotoka mazikoni wamenuna kwa sababu jeneza la mwenzao lilikuwa na vishikio vya kung'aa. Bi Sufi, fundi magodoro, yeye aliwaonea wivu panya. Tena walikuwa wawili, na kila mmoja alimwonea wivu wake kando, asije akampunja.

"Si panya, Bibi. Ni degu, mnyama wa kufugwa ndani," mjukuu wake alimwambia kwenye simu kwa mara ya tano.

"Ana meno mawili mbele?"

"Anayo."

"Ana mkia?"

"Anao. Una shungi mwishoni, kama brashi."

"Basi ni panya aliyekwenda saluni."

Mjukuu huyo alikuwa msichana wa miaka kumi. Nyumba nzima ilimwita Nukta, kwanza kwa sababu alizaliwa mdogo mno, na pili kwa sababu akishatoa uamuzi wake hakuna sentensi inayofuata. Bi Sufi alimwita mke mwenzangu, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao wa kike, ingawa mume mwenyewe wa kugombewa alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka minane iliyopita. Kila Jumamosi asubuhi, tangu ajue kutembea, mke mwenza huyu alikuja kwa bibi yake na kulala kwenye kigodoro chake cha mistari ya bluu. Kigodoro hicho Bi Sufi alikifumua kila mwaka na kukiongeza urefu, kadiri mwenyewe alivyorefuka.

Mwaka huu hakikufumuliwa. Mwenyewe hakuja kupimwa. Jumamosi tatu zilikuwa zimepita, na kila moja ilikuja na simu yake: "Bibi, Shungi hali vizuri leo." "Bibi, Karanga anapiga chafya." "Bibi, nikiondoka watanililia."

Bi Sufi angewasamehe hao Shungi na Karanga, maana mnyama ni mnyama. Aliyemkereketa ni aliyewaleta.

Mama yake Nukta, binti wa Bi Sufi, alikuwa muuguzi, naye alikuwa amekwenda kufanya kazi ng'ambo kwa mkataba wa miaka miwili. Baba aliendesha malori ya masafa marefu, leo yuko, kesho ni vumbi lake tu. Ilibidi atafutwe mtu wa kukaa na mtoto. Bi Sufi alikaa karibu na simu siku nne akisubiri kuombwa. Hata mashuka alikuwa ameshayakunja. Siku ya tano akasikia kuwa dada yake huyo baba mtu amehamia na sanduku lake. Shangazi! Mwanamke mwembamba, karani wa masijala, anayeongea polepole kana kwamba maneno yanapimwa kwa rula. Hakuwahi kumkosea Bi Sufi hata kwa jicho, na hilo lenyewe lilikuwa kosa, kwa sababu utamgombezaje mtu wa namna hiyo? Kwenye simu ya Bi Sufi namba yake iliandikwa "Yule."

Na sasa Yule alikuwa amempa mtoto degu wawili, aliowapata kwa mfanyakazi mwenzake aliyehama mji.

Jumamosi ya nne Bi Sufi hakusubiri simu. Alijifunga, akachukua mkoba wake wa kazi, akaenda mwenyewe.

Kizimba kilikuwa sebuleni, kirefu kama kabati la nguo, kina ghorofa mbili na ngazi katikati. Ndani walikaa viumbe wawili wa rangi ya kahawia, masikio kama vijiko, wakimtazama mgeni kama mahakimu. Nukta alipiga magoti mbele yao na daftari mkononi. Alimwamkia bibi yake bila kugeuka. Bila kugeuka!

"Shikamoo Bibi. Angalia sakafu."

"Marahaba. Kwani nimekuja kuangalia sakafu?"

"Ni ya waya. Waya inawaumiza nyayo, wanatoka vidonda. Tulitandika kadibodi, wakakojoa, ikaoza. Tulitia maranda ya mbao kutoka kwa seremala, yalinukia vizuri, wakapiga chafya siku mbili. Sasa Shangazi ameleta hizi."

Shangazi alitoka jikoni akijifuta mikono. Akapiga goti kidogo. "Shikamoo Mama. Karibu. Ni karatasi tu, za mashine ya kukatia pale kazini."

Bi Sufi akaingiza mkono kizimbani, akachota. Karatasi nyembamba, zimejikunjakunja. Akazibonyeza, zikalia kwacha kwacha.

"Viumbe wa Mungu wanalala juu ya barua za ofisi?"

"Hazijaandikwa, Mama. Nachagua zile tupu, wino haufai kwao."

"Ooh. Kumbe unawachagulia." Bi Sufi akatazama dari. "Nyumba hii nzima inalalia mikono yangu. Mama yako, mke mwenzangu, amelalia sufi yangu toka tumboni, na baba yako siku ya ndoa alipewa godoro ambalo mpaka leo halijaingia shimo. Halafu linakuja suala la matandiko, matandiko! Anaulizwa karani."

"Hatukutaka kukusumbua, Mama."

"Nani kasema nasumbuka? Mimi nasema tu. Mtu haruhusiwi kusema?"

Kwa miaka arobaini Bi Sufi alikuwa akishona magodoro na mito kibarazani kwake. Sufi aliichambua kwa mkono, akatoa mbegu na vijiti, akaipiga kwa fimbo mbili mpaka ivimbe kama maziwa yanayotaka kumwagika. Uzi wake aliupaka nta mara mbili ili usikatike hata mwenye godoro akiwa mtu wa kugaragara. Na hakuna kazi aliyoikabidhi kabla ya kuilalia kwa shavu. "Mkono ni mwongo," aliwaambia wateja. "Mkono umezoea shida, utakubali chochote. Lete shavu." Fundi wa namna hiyo kupitwa hivihivi, tena kwa ajili ya makaratasi!

Lakini jambo lililompandisha presha hasa lilikuwa bado. Lilitoka kwenye daftari la Nukta.

"Bibi, likizo inaanza Jumamosi ijayo. Mwezi mzima. Muuza duka la wanyama anasema kizimba kisihamishwehamishwe, wanashtuka. Kwa hiyo watakaa mahali pamoja likizo yote, na mimi nitakaa walipo."

"Likizo zote unakaa kwangu."

"Ndiyo. Ila sasa tuko watatu." Akafungua ukurasa mpya. "Nimeamua hivi. Ghorofa ya chini atatandika Bibi. Ya juu atatandika Shangazi. Mpaka Alhamisi, nitaandika kila asubuhi na kila mchana wamelala wapi. Watakapopapenda, mwenye matandiko ndiye atawakaribisha likizo."

"Nukta," Shangazi alisema kwa upole, "si lazima iwe mashindano."

"Nani anaogopa?" Bi Sufi alikuwa ameshatoa futi yake ya kitambaa kwenye mkoba. "Sogea, mke mwenzangu, nipime chumba cha hawa mabwana."

"Ni majike, Bibi."

"Wote?"

"Wote."

"Basi nyumba ina wake wenza wengi mno hii."

Alipima, akarudia. Shangazi alisimama pembeni akikunja na kukunjua kitambaa cha jikoni, kisha akajikaza. "Mama, samahani. Yule muuza duka alituonya wasiwekewe kitu chenye nyuzi nyuzi, pamba na vitu kama hivyo. Anasema zinawazonga miguu, na wakizimeza zinawaziba tumbo. Na pia wasishikwe mkia, ngozi inachunika."

"Muuza duka ameshona magodoro mangapi?"

"Sidhani kama ameshona, Mama."

"Haya basi."

Siku mbili Bi Sufi hakupokea kazi ya mtu. Alikuwa na kifurushi cha sufi teule, laini kama pumzi ya mtoto, alichokiweka mahsusi kwa ajili ya kuongeza kigodoro cha Nukta. Akakifungua. Kitambaa kikawa cha mistari ya bluu, kilekile, ili hao wageni wajue wameingia ukoo gani. Akashona pindo dogo, akatia vishikizo vya uzi kila baada ya vidole vinne, uzi wa nta, mafundo mawili mawili. Kilipokamilika kilikuwa na ukubwa wa sinia. Akalala ubavu kibarazani na kukiwekea shavu, na mpita njia akasimama kumuuliza kama anaumwa.

"Naota," alimjibu. "Usiniamshe."

Jumatatu jioni kikawekwa ghorofa ya chini. Shungi alishuka kwanza, akakinusa, akakipanda. Karanga akafuata. Wakazunguka, wakapiga vilio vidogo kama milango isiyotiwa mafuta. Halafu Shungi akatia meno kwenye pindo.

"Wanakila!" Nukta akasema.

"Hawakili, wanakagua kazi."

Haikuchukua hata nusu saa. Tumbo la kigodoro likapasuliwa, na wale mabibi wawili wakaanza kubeba sufi mdomoni, funda kwa funda, wamevimba mashavu kama wapiga tarumbeta, wakiirundika ndani ya kijumba chao cha mbao kilichokuwa kwenye kona ya ghorofa ya chini. Walipomaliza wakaingia. Zikabaki pua mbili tu zimetokeza kwenye wingu jeupe.

Bi Sufi hakupiga kigelegele. Alikaa tu kwenye kochi, akanyoosha miguu, akasema kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Ghorofa ya juu naona kuna nafasi. Mngetafuta mpangaji."

Jumanne asubuhi, chini. Jumanne mchana, chini. Jumatano, chini na chini. Bi Sufi alipiga simu kila mara kuuliza matokeo, na kila alipojibiwa alisema, "Maskini," bila kufafanua nani maskini. Alhamisi jioni Nukta alifunga daftari. Bibi ameshinda. Kikapu cha nguo kikafungwa, na kijana wa mkokoteni akaambiwa aje Jumamosi kuchukua kizimba.

"Hongera, Mama," Shangazi alisema. Alionekana anamaanisha, na Bi Sufi akaudhika upya, maana ushindi bila mtu wa kununa una ladha gani?

Ijumaa, wakati Nukta yuko shule na Shangazi kazini, Bi Sufi alikwenda na ufunguo wa akiba na mfuko mwingine wa sufi. Alijiambia anakwenda kuwaongezea. Ukweli ni kwamba alitaka kukaa peke yake na ushindi wake, autazame vizuri bila kuonekana.

Shungi alikuja mbio kwenye waya. Karanga hakuja. Bi Sufi akainama, akamwona nyuma ya ngazi, anajivuta. Mguu wa nyuma ulikuwa umebebwa juu, na juu ya kifundo palikuwa na pete nyembamba, nyeupe. Chini ya pete hiyo unyayo ulikuwa umevimba, rangi ya zambarau.

Akavaa miwani. Akaitambua ile pete kabla hata haijamkaa vizuri machoni. Ulikuwa uzi wake. Uzi wa nta, umepakwa mara mbili ili usikatike, umeshikana na sufi mpaka umekuwa kamba, na kila Karanga alipovuta ulizidi kukaza.

Akakaa sakafuni. Kwa dakika moja, na hili hakulisimulia kwa mtu siku nyingi, aliona njia ya kutokea. Dirisha lilikuwa wazi, paka wa jirani alijulikana tabia zake, na mlango wa kizimba ni kitu kinachoweza kusahauliwa wazi na yeyote, hata na karani. Paka angelaumiwa, labda na Shangazi naye. Shungi angekuja likizo kama kawaida, na mtoto angelilia mabegani mwa bibi yake.

Karanga alijivuta hatua mbili akamfikia. Akaunusa mkono wake. Akaanza kumsugua kidole kwa meno, polepole, bila kuuma, kama anavyomfanyia mwenzake akimchana manyoya.

"Toka hapa," Bi Sufi alimwambia. "Mimi si mwenzako."

Alijaribu kumshika. Akakumbuka habari ya mkia, akaurudisha mkono. Mtu mmoja hawezi kushika na kukata. Akatoa simu, akatafuta "Yule," akabonyeza. Alikuwa ametayarisha maneno yenye heshima zake, yenye kuanza na "Samahani kukusumbua kazini." Yaliyotoka yalikuwa mengine.

"Njoo, mwanangu. Njoo upesi."

Shangazi alifika akihema, kiatu kimoja mkononi, kisigino kimevunjika njiani. Alimfunika Karanga kwa taulo, akamkusanya kama unavyokusanya unga uliomwagika, akamweka mezani, mguu peke yake ukabaki nje.

"Mama, utaweza?"

"Nimefumua mishono tangu hujazaliwa. Mlete dirishani, nipate mwanga. Mshike kifua, usimbane."

Alichukua mkasi mdogo wa kukatia mafundo na sindano nyembamba kuliko zote. Mguu wenyewe ulikuwa mwembamba kama njiti ya kiberiti. Akaingiza ncha ya sindano chini ya uzi, mahali pasipo na nafasi hata ya unywele, akatulia, akaingiza tena. Karanga alilia. Shangazi naye akaanza kulia, kimyakimya, bila kulegeza mikono.

"Usinilowanishie kazi," Bi Sufi alisema.

"Samahani, Mama."

"Lia upande ule."

Fundo la kwanza likakubali. La pili likagoma. "Mjinga gani kaupaka uzi huu nta mara mbili?" Bi Sufi akanong'ona, na Shangazi, kwenye machozi yake, akacheka mpaka taulo likatikisika. Kisha mkasi ukalia tik, pete ikafunguka, na taratibu ile rangi ya zambarau ikaanza kurudi kwenye waridi.

Walimpeleka kwa daktari wa mifugo mtaa wa pili, Shangazi akichechemea na kisigino kimoja, Bi Sufi akibeba taulo kifuani. Daktari alimpaka dawa, akasema wamewahi. Wangechelewa mpaka jioni mguu ungekatwa. Waliporudi walitoa sufi yote, kijumba kikakung'utwa, kila uzi ukaokotwa. Kilipokuwa kitupu Shangazi akanawa mikono, akasema kwa ile sauti yake ya rula:

"Mama, mtoto hana haja ya kujua. Tutasema sufi ilichafuka tukaitoa, na mguu umekwaruzwa na waya. Kizimba kiende kwako kesho kama mlivyopanga. Nitakupa mfuko wa karatasi, utatandika kimyakimya."

Bi Sufi alimtazama. Alitafuta kejeli kwenye uso ule, akapekua kila kona, hakuiona. Hapo ndipo wivu ulipomshika kweli, wivu ambao mbele yake ule wa kwanza ulikuwa mzaha tu. Kumchukua mjukuu, sawa. Kuleta degu, sawa. Kuwa sahihi kuhusu nyuzi, haya, sawa. Sasa huyu mwanamke alikuwa anataka kumzidi hata kwa wema, tena ndani ya siku moja, akiwa na kiatu kimoja! Mtu anaishije baada ya hapo? Anakaa mwezi mzima na mtoto aliyepewa kama sadaka?

"Thubutu," akasema.

"Nini, Mama?"

"Nasema asante. Kaa hapo usiinuke."

Geti lililia. Bi Sufi, mwenye magoti mabovu, alitoka mlangoni kama mshale ili asije mtu akamtangulia.

"Mke mwenzangu, simama. Weka begi. Nimemuumiza Karanga."

Akalisema lote, pale pale kwenye ngazi, uzi na nta na mguu. Nukta alimpita, akaenda kizimbani, akapiga magoti. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Shangazi si alikwambia kuhusu nyuzi?"

"Aliniambia."

"Ukajibu nini?"

"Nikasema muuza duka hajashona godoro."

Mtoto hakucheka. Bi Sufi alikuwa ametegemea kidogo kwamba angecheka.

"Degu hawaendi kwako," Nukta alisema. Na kama kawaida yake, hapakuwa na sentensi iliyofuata.

Jumamosi asubuhi kibaraza kilikuwa kimya. Bi Sufi alikitazama kile kigodoro kifupi, akatazama mfuko mtupu wa sufi teule. Mwezi mzima. Akamwaza Nukta akicheka huko na Yule. Akageukia pembeni, na macho yakaangukia ubao wake wa kukatia.

Ubao huo ulikuwa mkubwa kama mlango, mbao ngumu, haukupakwa rangi wala vanishi, umelainika kwa miaka arobaini ya vitambaa kuteleza juu yake. Magodoro yote ya mji ule yalianzia hapo. Hakuna aliyeruhusiwa kuuwekea hata kikombe. Bi Sufi aliupapasa. Kisha, kabla hajabadili mawazo, akaenda kuazima msumeno kwa seremala.

Alifika mchana, vipande viwili vya ubao kichwani, jasho likimtiririka. Nukta alifungua mlango.

"Sikuja kwa ajili yako," Bi Sufi alisema. "Nimekuja kwa ajili ya sakafu. Wale hawawezi kukaa likizo nzima juu ya waya. Nipishe."

Vipande vikakaa barabara, chini na juu, bila kuacha mwanya wa kuingiza kidole. Nukta akavipapasa kwa kiganja, akasema, "Vilaini," kisha akatambua mikwaruzo ya mkasi. "Bibi! Huu si ule ubao wako?"

"Ulikuwa."

Shangazi akaleta mfuko wake wa karatasi. Akausimamisha chini, hakuumwaga, akasema amesahau kitu jikoni. Alikuwa hajasahau kitu, hata mtoto alilijua hilo. Bi Sufi akaumwaga mfuko mwenyewe, akazichambua karatasi kama anavyochambua sufi, akazitawanya sawasawa mpaka pembeni. Zilivimba vizuri, hilo alilazimika kulikubali. Hazikuwa na vumbi. Akatazama mlangoni. Hakuna mtu. Nukta alikuwa anajaza maji ya kunywa ya Shungi. Basi Bi Sufi, pole pole, akaingiza kichwa kizimbani na kuweka shavu.

"Zinafaa, Mama?"

Akachomoka akajigonga kwenye waya. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Zinapita," Bi Sufi alisema kwa heshima zote, na kipande kirefu cha karatasi kimemganda shavuni, kikining'inia kama ndevu.

Nukta alikiona. Alijaribu kununa, akashindwa, akaangua kicheko mpaka akakaa chini. Karanga alitoka kijumbani, akakanyaga ubao kwa miguu yote minne, akachukua karatasi mdomoni. Shungi yeye alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya ubao wa miaka arobaini, akautia meno.

"Mshenzi mkubwa wewe," Bi Sufi alimwambia kwa upendo.

"Bibi," Nukta alisema alipopata pumzi. "Degu hawaendi kwako."

"Nimesikia jana. Mimi si kiziwi."

"Wewe njoo huku. Na kigodoro changu ukilete."

Bi Sufi akajishughulisha na kutoa ile karatasi shavuni, ambayo ilikuwa imeshatoka. "Kifupi," akasema baadaye. "Hukuja kupimwa. Na mimi nitalala wapi? Juu ya sponji ya dukani?"

"Kitanda changu kikubwa, Mama," Shangazi alisema, halafu akainamisha macho kwenye kikombe. "Ila sponji yenyewe imekwisha. Mgongo unaniuma tangu nihamie hapa. Nilitaka kukuomba unishonee la sufi. Nikaogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wewe."

Bi Sufi alilitafuna jibu hilo, akaona lina utamu wake. "Lala chini, basi," akasema. "Wote wawili. Chali, miguu pamoja."

Wakalala sebuleni bega kwa bega, mtoto na shangazi yake, wakisukumana na kuchekeana kama watoto wa darasa moja, na Bi Sufi akapiga magoti juu yao. Alimpima Nukta kwanza, shibiri kwa shibiri, kutoka utosini hadi kisiginoni. Amerefuka, tena sana, tangu apimwe mwaka jana, na bibi mtu hakuwa amejua. Akampima tena ingawa hesabu alishaipata. Nukta aliushika mkono wa Shangazi wakati huo wote.

Kisha akahamia kwa Shangazi. Shibiri nane kamili. Akachukua penseli na daftari la degu, akaandika: saba. Miguu itokeze nje kidogo, ipigwe na upepo, isimdhuru mtu.

Alimtazama pale chini, amefumba macho, kile kisigino kilichovunjika kimepangwa pembeni ya ukuta na kiatu chake. Akaguna. Akalifuta lile neno kwa kidole kilicholowanishwa mate, akapuliza, akaandika upya: saba na nusu.